Nyota Reli Sifuri Sita Reli

Nina ugomvi na namba. Si namba ya nyumba, maana mtaani kwetu nyumba pekee zilizoandikwa kitu ukutani ni zile zilizopigwa X nyekundu. Si ya NIDA wala ya mita ya LUKU, ingawa na hiyo ya LUKU tuna mambo yetu ya kumalizana. Ugomvi wangu ni na ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Jaribu sasa hivi kama huamini, haikati salio. Hiyo ndiyo IMEI. Kama simu yako ni ya laini mbili zitatokea mbili, na hapo utajua kwamba umekuwa ukiandikwa mara mbili mbili bila kujua hata moja.

Wenye elimu yao wanasema kila simu duniani ina namba yake na hakuna mbili zinazofanana. Hao nitawarudia. Kwanza tuikate vipande tuone ndani kuna nini. Tarakimu nane za mwanzo zinataja aina ya simu, kampuni gani na toleo gani, na ugawaji wake unasimamiwa na GSMA, chama cha makampuni ya simu duniani chenye makao yake London. Ikianza na 35, ujue iligawiwa na chombo cha Uingereza. Ikianza na 86, China. Sita zinazofuata ni za mfululizo wa kiwandani, ndizo zinazokutenga wewe na jirani yako mlionunua simu za aina moja kwenye duka moja. Ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Inapatikana kwa hesabu ya kuzidisha na kujumlisha aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950, ile ile inayotumika kwenye kadi za benki, na kazi yake ni kumnasa mtu aliyekosea kuandika. Simu inapojitambulisha kwa mtandao, tarakimu hiyo ya 15 haitumwi kabisa. Zile kumi na nne zinasafiri, yenyewe inabaki nyumbani. Katika familia nzima, hiyo peke yake ndiyo ninayoielewa.

Maana hizo nyingine hazitulii. Simu ikiwashwa, kabla hujampigia hata mtu mmoja, imeshajieleza. Mtandao unauliza, nayo inajibu kwa adabu zote: IMEI yangu hii, laini niliyobebeshwa hii. Kampuni inaandika, inaongeza na mnara uliokupokea na saa yenyewe. Ndiyo maana nawahurumia vijana wa mtaani kwetu wanaobadili laini kila wakigombana na mchumba, wakidhani wamepotea mjini. Laini imebadilika, simu ni ile ile, na mtandao unajua vizuri kwamba Juma wa jana ndiye Juma wa leo, ila leo ana mchumba mwingine.

Kwa akili ya kawaida ungedhani namba yenye bidii kiasi hiki itanifaa siku nikiibiwa. Nimeibiwa.

Ilikuwa Kariakoo, siku za mwisho za Ramadhani, watu wanagombania tambi na viatu vya watoto. Nilihisi mkono mfukoni nikadhani ni wa Mama Salma anatafuta hela, maana ndiyo mazoea yetu. Kumbe alikuwa mwingine, mwenye huruma zaidi: alichukua simu, pochi akaniachia. Nikaenda kituoni. Kituo gani, tusiulizane.

"Mzee wangu, IMEI unayo?" akauliza afande.

"Ninayo, afande."

"Isome."

"Imo ndani ya simu."

Afande akaweka kalamu chini taratibu. Nikamweleza kwamba namba yangu ya simu naijua, ya Mama Salma naijua, hata ya duka la Mangi naijua kwa kichwa, lakini hii ya tarakimu 15 sikuwahi kuambiwa kwamba siku moja kutakuwa na mtihani.

"Boksi la simu je?"

Msomaji wangu, wewe unalijua boksi la simu. Kila nyumba ya Dar es Salaam inalo juu ya kabati, na ndani yake mna kila kitu isipokuwa vitu vya simu. Letu lina sindano, uzi wa kijani, funguo za kufuli lisilokuwepo na pete moja ya sikio inayomsubiri mwenzake. Ile karatasi ya pembeni yenye namba watoto waliibandua zamani, wakaibandika kwenye mlango wa friji, na friji tukaliuza. Risiti ninayo, ila nyinyi mnazijua risiti za mashine: ukiitunza vizuri miezi kadhaa inakuwa karatasi nyeupe safi, unaweza kuiandikia shairi.

Salma, ambaye ana miaka 16 na hana muda na mtu, ndiye aliyeniokoa. "Baba, si ingia kwenye akaunti yako ya Google, iko humo." Tukaingia. Namba ikakaa pale, zote 15, pamoja na jina la simu na mara ya mwisho kuonekana. Nikakaa kimya nikitafakari mpangilio huu. Mwenye simu hana IMEI. Mke wa mwenye simu hana, na huyo ana kila kitu. Mtu asiyenijua, aliyeko California, ambaye hajawahi kunipa hata salamu ya Idi, anayo, na ameitunza kuliko nilivyotunza cheti cha ndoa.

Basi nikapata RB ya polisi. Nikaenda nayo kwa kampuni ya simu, ambayo siitaji kwa sababu bando langu bado halijaisha. Laini waliirudisha mara moja, tena kwa tabasamu, maana laini ndiyo inayonunua vocha. Kuhusu simu yenyewe wakasema inaweza kufungiwa isishike mtandao. Nikauliza, kuipata je? Dada wa kaunta akanitazama kwa upole ule ambao wauguzi wanamtazamia mgonjwa aliyeuliza kama atacheza mpira Jumamosi.

Nikiwa kwenye majonzi hayo, wakajitokeza wasamaria wa mitandaoni. "Tunatafuta simu kwa IMEI, elfu hamsini tu, tanguliza nusu." Hawa ndugu zao ni wale wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukweli ni kwamba anayeweza kuona IMEI fulani iko karibu na mnara gani ni kampuni ya simu yenyewe, na anayeweza kuiamuru iseme ni mwenye mamlaka ya kisheria. Kijana aliyejifungia chumbani Kimara na kishikwambi hana mnara. Ana njaa.

Fundi wangu wa simu ndiye aliyenitoa tongotongo. Ni mtu mwema, anafanya kazi kwenye meza ndogo isiyozidi upana wa sinia, na alikuwa na hamu ya kunifariji.

"Mzee, hiyo IMEI usiitegemee. Wakishaiflashi wanaipa nyingine."

"Nyingine ya nani?"

"Ya simu yoyote tu. Iliyokufa, iliyoko China, hata hiyo mpya utakayonunua."

Akacheka peke yake.

Lakini mimi nimesoma, jamani. Uingereza walitunga sheria mwaka 2002 mahsusi kwa ajili ya watu wanaobadili namba hii, na adhabu inafika hadi kifungo cha miaka mitano. Hapa kwetu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 nayo inalikataza jambo hilo, na ndiyo iliyoanzisha daftari kuu la namba za simu zote. Nikamsomea fundi. Akasikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama nataka na kioo kibadilishwe.

Na wale wenye elimu yao wanaosema hakuna namba mbili zinazofanana, nawapeleka Meerut, India. Mwaka 2020 askari mmoja wa huko alipeleka simu yake ichunguzwe kwa sababu ilikuwa inasumbua hata baada ya kutengenezwa. Wataalamu wa polisi walipoifuatilia IMEI yake wakakuta inatumiwa na simu zaidi ya 13,000. Namba moja! Hebu vaa viatu vya mpelelezi aliyetumwa kumkamata mwenye namba hiyo. Anagonga mlango wa kwanza, bado elfu kumi na tatu na ushee. India hiyo hiyo, mwaka 2009, ililazimika kuzifungia simu ambazo hazikuwa na IMEI ya kweli, nyingine zikiwa na sifuri 15 zilizopangwa mstari. Angalau hizo zilikuwa na ukweli wake: hazina, zinasema hazina.

Kwa hiyo mwizi anabadili. Mimi nisiyeiba ndiye niliyebaki na namba ile ile miaka nenda rudi, mwaminifu, ninaonekana kila mahali. Kila mtu mwenye daftari ananipata mimi kwanza.

Mwulizeni Mjomba Athumani. Mjomba alikuwa na simu ambayo Mbagala nzima iliijua. Ilikuwa na antena ya kuvuta ili uone televisheni, tochi ya kumulikia mlango wa jirani, na spika iliyokuwa ikitumika kwenye vigodoro pale muziki unapokatika. Jina lake lilikuwa la kampuni maarufu, ila herufi mbili zilikuwa zimekaa sehemu isiyo yake. Kisha serikali ikatangaza: tuma IMEI yako kwenda 15090, utajibiwa simu yako ni ya kampuni gani na ya aina gani, majibu yasipolingana na ulichoshika mkononi, hiyo ni feki na itazimwa. Mjomba akatuma. Majibu yakarudi yakiitaja simu nyingine kabisa, ndogo, ya vibonyezo, isiyo na antena.

"Wamekosea," akasema Mjomba. "Mimi ya kwangu ina televisheni."

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, saa sita, zikazimwa. Asubuhi Mjomba alitoka nje ameishika simu juu, anazunguka uwanja mzima akitafuta mtandao, antena ameivuta mpaka mwisho. Wakenya walikuwa wameshapitia msiba huu kabla yetu. Kwao zilizimwa mwishoni mwa Septemba 2012, simu karibu milioni 1.9. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri tu: simu bandia hazina ubora, zinasaidia wahalifu kujificha, zinawaumiza watengenezaji halali. Lakini hoja ya Mjomba mpaka leo hakuna aliyeijibu. Anasema simu ile haikuogelea kuja Dar es Salaam. Ilipita bandarini, ikapita stoo, ikapita dukani, ikakatiwa risiti, wote hao wakala chao, halafu daftari likafunguliwa siku iliyofika mfukoni mwake. Aliyeileta hakuzimwa chochote. Simu anayo bado, anaitumia kwa tochi na taarifa ya habari.

Wenye madaftari siku hizi wamegundua pia kwamba namba hii inatozeka. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo Istanbul wanalijua hili. Ukiingia Uturuki na simu yako ukaweka laini ya kwao, unapewa siku 120, baada ya hapo inafungiwa mpaka uiandikishe na kulipia. Ada hiyo mwaka 2023 ilirushwa kutoka lira 6,091 hadi 20,000 kwa mkupuo mmoja. Kuna simu ambazo kuziandikisha ni ghali kuliko kuzinunua.

Kenya nao mwishoni mwa 2024 wakatoa tangazo kwamba kuanzia Januari mosi 2025, IMEI za simu zinazoingia nchini zitolewe taarifa kwa mamlaka ya kodi, na msafiri naye aiandike kwenye fomu yake mpakani. Shemeji yangu anavuka Namanga kila wiki na magunia ya vitunguu. Alipolisikia tangazo hilo aliniuliza kama na vitunguu vina IMEI. Nikamwambia bado. Taasisi ya Katiba ikaenda mahakamani, na Julai 2025 Jaji Chacha Mwita akayatupa maelekezo hayo: hayakuwa na msingi wa kisheria, na yalihatarisha faragha za watu.

Wakenya kwa kweli nawavulia kofia, maana wanakwenda mahakamani hata kwa jambo ambalo sisi tungelimalizia kwenye kijiwe cha kahawa. Mwaka 2017 mdhibiti wao wa mawasiliano alitaka kufunga mtambo wake kwenye kampuni zote za simu ili unase simu feki. Okiya Omtatah, kabla hajawa seneta wa Busia, akasema ngoja kwanza: mtambo unaoingia ndani ya mitandao yote kutafuta simu feki utaona nini kingine ukiwa humo? Mdhibiti akajibu kwamba utaona namba tu. Mahakama Kuu ikauzuia mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ikaruhusu uendelee mwaka 2020, na 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kuutengua uamuzi wa Rufani. Miaka yote hiyo watu wazima wenye majoho wamebishana kuhusu namba ambayo Mjomba alidhani ni ya bahati nasibu.

"Utaona namba tu." Hilo ndilo linalonikera kuliko mengine yote. Namba tu! Ukiwa na namba tu na minara iliyoipokea, unajua mtu analala wapi, maana ndipo simu inapokaa usiku kucha. Unajua anafanya kazi wapi, anaswali wapi, na zile Alhamisi anazosema yuko kikaoni yuko wapi. Jina lake hulihitaji, na hata ukilihitaji, laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inanipa haki ya kumwuliza mwenye taarifa zangu anazo zipi na anazitumia kufanya nini. Vizuri sana. Lakini nataka wanasheria wanisaidie: IMEI ni taarifa yangu au ya simu? Imepewa simu, si mimi. Ila simu hiyo inalala chini ya mto wangu, inaingia nami chooni, na siku nikiisahau nyumbani natembea nimeinama upande mmoja.

Daftari la Mangi nalikubali. Lipo pale kaunta, lina mafuta ya taa kwenye kona, nikibishana naye analigeuza upande wangu naliona jina langu, sukari nusu, sabuni mche mmoja, na tarehe. Ninaweza kukana ile sabuni. Daftari hili lingine sijui liko jengo gani, sijui nani kaazimwa, na sijawahi kuona mtu akiligeuza upande wa mteja.

Wazungu wenyewe mambo haya yamewatokea puani. Mwaka 2013 pale London, mtaa wa mabenki, kulikuwa na mapipa ya taka 12 yaliyofungwa vifaa vya kunasa namba za WiFi za simu za wapita njia. Hii ni namba nyingine, dada yake IMEI, simu inaitangaza yenyewe ikiwa inatafuta mtandao. Pipa lilikuwa linajua umepita saa ngapi, umepita mara ngapi, unatembea kasi gani, ili siku moja likuoneshe tangazo linalokufaa. Magazeti yakapiga kelele, wenye mji wakaamuru yasimamishwe. Nilipomsimulia Mama Salma hakushangaa upelelezi hata kidogo. Alichouliza ni kama mapipa hayo yanazolewa kila wiki.

Watengenezaji wa simu, tuwape haki yao, wamejitahidi kuweka mapazia. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu za kawaida za kupakua haziruhusiwi kuisoma IMEI. Simu nyingi siku hizi zinabadilibadili ile namba ya WiFi zinapopita karibu na mapipa. Badala yake wafanya matangazo wamepewa namba yao maalumu, ambayo unaweza kuifuta ukiingia kwenye mipangilio, kisha ndani, kisha ndani tena, ukipita maandishi madogo ambayo macho yangu yaliacha kuyasoma zamani. Salma alinifutia. Kesho yake nikaletewa tangazo la dawa ya macho.

Turudi kwa wezi sasa. Polisi wa London walisema mwaka 2025 kwamba wamelivunja genge linaloshukiwa kusafirisha simu za wizi zipatazo 40,000 kutoka Uingereza kwenda China katika mwaka mmoja. Ukiifungia IMEI Uingereza, mitandao ya nchi nyingine isiyofuata orodha ile ile inaipokea simu kwa mikono miwili. Genge lenyewe lilifichuka kwa sababu mtu mmoja aliyeibiwa alifuatilia simu yake kwa ile programu ya kutafutia simu iliyopotea, akaikuta ghalani karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ikiwa na wenzake karibu 900 ndani ya shehena. Tarakimu 15 hazikuchangia neno.

Lakini kuna mahali ambapo namba hii inafanya kazi kwa ukamilifu, na ndiko kulikonipa hasira hizi zote. Ni kwenye simu za mkopo. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, unalipa kila siku kiasi kidogo. Shemeji yule wa vitunguu anayo. Programu ya kufungia imepandikizwa ndani kabisa na kuandikishwa kwa IMEI. Mara nyingi hata fundi wangu mwema akiiflashi, ikiona mtandao inajifunga upya. Shemeji alichelewa kulipa siku moja. Moja! Alikuwa msibani Tanga, yuko katikati ya kuwasomea watu kwenye kioo orodha ya michango. "Mzee Rajabu elfu ishirini, Mama Zubeda elfu kumi..." Kioo kikageuka: Lipa sasa uendelee kutumia simu yako. Waombolezaji wakasubiri. Jeneza nalo likasubiri. Ikabidi mchango wa Mama Zubeda upitie kwanza kwenye deni la simu ndipo orodha ifunguke.

Fikiria uwezo huo. Mkopeshaji, kwa elfu moja na kitu ya siku moja, ameikuta simu Tanga, katikati ya msiba, ameifunga ndani ya dakika. Mimi nimeibiwa simu nzima, nina RB, nina IMEI kutoka California, nina cheti cha ndoa, na jibu ni kwamba tutakujulisha.

Nikafanya uamuzi. Simu inayofuata ni ya mkopo, tena si kwa kukosa hela, ingawa hela kweli sina. Nataka simu ambayo kuna mtu mwingine anayeionea uchungu.

Binti wa wakala alikuwa chini ya mwavuli, mchangamfu, "karibu baba, kaa baba." Akaomba namba ya NIDA. Akanipiga picha, akasema nisitabasamu, nami sikuwa na mpango huo. Akataka namba za ndugu wawili wa karibu. Programu yao ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyoyahifadhi, na mahali nilipo, na jumbe zangu.

"Mwanangu," nikamwuliza, "ikiibiwa?"

"Tunaifunga hapo hapo, baba. Haitumiki popote."

Machozi yalinilengalenga. "Na mimi?"

"Wewe utaendelea kulipa mpaka deni liishe."

"Mnaweza kuniambia iko wapi?"

"Hapo ulete RB, baba."

Nikauliza pia ni nani mwingine atakayeziona taarifa zangu. Akasema yote yameelezwa kwenye vigezo na masharti, ni kurasa nyingi, ni Kiingereza, zitafunguka kwenye simu nikishakubali. Nyuma yangu foleni ilishaanza kuguna. Nikaweka kidole.

Nilikuwa kwenye daladala, hatujafika hata Mtoni kwa Azizi Ali, simu mpya ikaita kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mama Salma. Alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba mumewe amemtaja kuwa mtu wake wa karibu katika mkopo, pamoja na aina ya simu, bei yake na tarehe ya malipo ya kwanza, naye alikuwa na swali moja tu: kianzio nimekitoa wapi?